Kidole cha Pete Kilichobeba Bawa: Kumtengeneza Terosauri Nyumbani Bila Kumgeuza Popo

Mzazi yeyote wa Nairobi anaijua Jumapili ya aina hii. Vyombo vimeoshwa, sare imepigwa pasi, mtoto ameambiwa akalale, na hapo ndipo anapokumbuka kwamba kesho mwalimu anataka mfano wa mnyama wa kale aliyeruka. Maduka yamefungwa. Manila hakuna. Na usidhani ni mtoto atakayekesha.

Mimi ni mjomba tu, si mzazi, ila naishi South B karibu na kwa dadangu, na siku hiyo nilijitia ujuaji. Nilichukua mwavuli uliovunjika, nikakata kipande chenye waya nne, nikakigandisha juu ya chupa ya maji, kisha nikabandika manyoya ya kuku ili apendeze. Mpwa wangu alirudi na swali limeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Huyu ni popo au ni ndege?" Swali la haki kabisa. Waya nne zilikuwa za popo, manyoya yalikuwa ya ndege, na terosauri mwenyewe, yule reptilia wa kale aliyeruka, hakuwepo.

Huu ni mwongozo wa jaribio la pili. Tenga Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili, na uwe na vitu hivi: mwavuli mbovu, waya mwembamba au vijiti vya mishikaki, karatasi ya manila, magazeti ya zamani, gundi ya unga wa ngano uliokorogwa kwa maji moto, selotepu, vijiti viwili vya meno, uzi, chaki, na kuku mmoja wa kienyeji. Kuku ataliwa kwanza.

Hatua ya 1: Nyoosha ukoo kabla ya kushika makasi

Ukinunua pakiti ya wanyama wa plastiki pale Luthuli au Gikomba, ndani utakuta wenye miguu minne, wenye miwili, na mmoja mwenye mabawa. Juu ya pakiti pameandikwa kwamba wote ni dinosaria. Yule mwenye mabawa siye. Ni terosauri.

Mweleze mtoto hivi. Zamani sana palikuwa na reptilia mmoja ambaye watoto wake waligawanyika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ikazaa terosauri. Ya pili ikazaa dinosaria. Kwa hiyo hawa ni binamu, na mamba ni jamaa wa mbali zaidi, wa ukoo huohuo mpana. Sasa ndege anaingia wapi? Hapa ndipo watu wazima nao hukosea. Ndege hakutoka nyumba ya terosauri hata kidogo. Alizaliwa ndani ya nyumba ya dinosaria, upande wa wale waliotembea kwa miguu miwili, upande wa Tyrannosaurus. Kwa hesabu ya ukoo, njiwa anayeokota makombo ya mahindi pale Jeevanjee ni dinosaria kamili, na Pteranodon wa kwenye pakiti si dinosaria. Mpwa wangu hakuniamini, na sikumlaumu. Ndiyo maana kuna hatua ya pili.

Majina nayo yanasaidia. Terosauri maana yake kwa Kigiriki ni mjusi mwenye mabawa. Pterodactylus, wa kwanza kupewa jina, ni bawa-kidole, na jina hilo limebeba siri yote ya mnyama. Pteranodon ni mwenye mabawa asiye na meno, kwa hiyo plastiki iliyoandikwa Pteranodon na kujaa meno kama msumeno ilitengenezwa na mtu ambaye hakusoma jina. Tulikuta tatu za namna hiyo kwenye kibanda kimoja.

Hatua ya 2: Kula kuku, hifadhi mifupa

Mchemshe mzima mpaka nyama iachie mfupa. Usimkate kwa panga, maana utaharibu unachokitafuta. Mkishakula, toa mfupa wa kiuno, usugue kwa mswaki wa zamani, kisha tafuta pale paja linapoingia. Utaona tundu. Si kibakuli, ni tundu hasa: pitisha kijiti cha kiberiti upande mmoja kitokee wa pili.

Tundu hilo la nyonga ni mojawapo ya alama ambazo wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, hutumia kumtambua dinosaria. Kichwa cha mfupa wa paja huingia humo kutoka pembeni, mguu ukasimama wima chini ya mwili kama nguzo chini ya paa. Kuku wako analo kwa sababu amelirithi. Terosauri hana, nyonga yake imezibwa kwa ndani kama bakuli. Ukiwa na bahati ya kupata kiuno cha mbuzi kwa mwenye bucha, weka vyote viwili mezani: cha mbuzi ni bakuli lenye kitako, cha kuku kinapitisha mwanga. Mbuzi hahusiani na habari hii, ila bakuli lake ni kielelezo kizuri, na supu yake haitupwi.

Sasa chukua kipapatio. Kivue ngozi, ukihesabu kutoka begani: mfupa mmoja wa mkono wa juu, miwili ya mkono wa chini, halafu kile kipande cha ncha ambacho wengi hukitupa. Usikitupe, ndicho kiganja. Kuku ana vidole vitatu tu, navyo vimegandamana na kuwa kitu kimoja kigumu, isipokuwa kimoja kidogo kinachochomoza mbele. Hakuna kidole kilichorefuka. Bawa la ndege ni manyoya marefu yaliyopandwa kwenye mkono mfupi; yang'oe yote na unabaki na mkono usioweza kuruka.

Vunja ule mfupa wa juu wa kipapatio. Kwa kuku aliyekomaa hautakuta uboho, utakuta uwazi wa hewa. Hapa terosauri na ndege wanafanana kweli: terosauri naye alikuwa na mifupa ya hewa, tena kwa wale wakubwa ukuta wa mfupa ulikuwa mwembamba kama milimita moja hivi. Kila ukoo uliufikia ujanja huo kivyake. Ndiyo sababu visukuku vyao ni adimu na vingi vimebanwa bapa kama karatasi iliyokanyagwa.

Kabla ya kufagia meza, angalia mfupa wa kidari ulionyanyuka katikati kama mkuku wa jahazi. Misuli ya kuruka hushikilia hapo. Terosauri naye alikuwa na mfupa mpana wa kifua kwa kazi ileile.

Hatua ya 3: Tandaza mkono wako mezani

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote ukiziruka, hii usiiruke.

Mwambie mtoto aweke kiganja juu ya gazeti na umchoree vidole kwa penseli. Chora mara tatu.

Mchoro wa kwanza ni wa popo. Refusha vidole vinne, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho, uache gumba lilivyo. Unganisha ncha zote kwa utando. Ndicho nilichokitengeneza kwa mwavuli: nguo iliyoshikwa na waya nyingi. Popo ni mamalia, ananyonyesha, na hana undugu wa karibu na yeyote katika mwongozo huu. Jioni ukimwona akizunguka taa ya barabarani, mtazame bawa lake linavyokunjika kama mkono wenye vidole.

Mchoro wa pili ni wa ndege. Bandika vidole vitatu kwa selotepu, futa vilivyobaki, kisha ongeza manyoya.

Mchoro wa tatu ndio wetu. Futa kidole cha mwisho kabisa, maana terosauri hakuwa nacho. Acha gumba, cha shahada na cha kati vikiwa vidogo, huru, vyenye makucha. Halafu shika kidole cha pete ukirefushe. Endelea. Karatasi ikiisha, ongeza nyingine. Kwa Pteranodon, kidole hicho kimoja chenye mifupa minne peke yake ni zaidi ya nusu ya urefu wa bawa zima. Kutoka kwenye ncha yake utando ukarudi hadi ubavuni na kwenye mguu wa nyuma.

Mpwa wangu alikaa kimya, akakitazama kidole chake, akauliza, "Mjomba, kikivunjika je?" Kikivunjika, kuruka kumekwisha. Popo akitoboka upande mmoja bado ana vidole vingine vya kuushika utando. Ndege aking'oka unyoya huota mwingine. Terosauri alikitegemea kidole kimoja kila upande, na bado ukoo wake ulidumu zaidi ya miaka milioni 140.

Utando wenyewe haukuwa nguo tupu. Ungekuwa hivyo, ungepepea kama leso kwenye kamba. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba zilizopangwa sambamba, zikaupa ugumu. Na kwenye kifundo cha mkono palichomoza kijifupa kama kijiti, kikielekea shingoni, kilichoshikilia utando mdogo wa mbele kati ya mkono na shingo. Kijifupa hicho hakipo kwa mnyama mwingine yeyote, hai au aliyekufa. Mwanafunzi atakayekiweka kwenye mfano wake anastahili alama zaidi.

Kuhusu mwili: haukuwa na magamba kama kenge. Ulifunikwa na vinyweleo laini, malaika. Visukuku vya Sordes kutoka Kazakhstan, vilivyotangazwa 1971, vilionyesha hilo wazi. Wataalamu bado wanabishana kama malaika hao wana asili moja na manyoya ya ndege. Wewe mtoto akikuuliza, mwambie hivyohivyo, kwamba wanabishana.

Hatua ya 4: Chagua ukubwa

Toka na chaki kwenye maegesho ya ploti, ukishamwomba ruhusa mlinzi. Mkubwa kuliko wote kwa kadirio la wengi ni Quetzalcoatlus, aliyepatikana Texas mwaka 1971 na kupewa jina 1975. Ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni kama mita 10. Panga matatu mbili za abiria 14, pua kwa mkia, na bado hujamfikia. Akisimama, kichwa chake kilikuwa kwenye kimo cha twiga. Uzito wake hukadiriwa kilo 200 na zaidi, wakati tandawala mkubwa wa mbuga zetu, mmoja wa ndege wazito kuliko wote wanaoruka leo, hufika kilo 18 hivi na hunyanyuka kwa shida.

Aliwezaje? Ndege huruka kwa kujirusha kwa miguu miwili, kisha mabawa yanapokea. Miguu hiyo haina kazi angani, ni mzigo. Mwaka 2008 mtafiti Michael Habib alitoa hoja kwamba terosauri alijirusha kwa miguu yote minne, na nguvu kubwa ikitoka kwenye mikono, ileile misuli iliyopiga mabawa. Mwambie mtoto alale apige pushapu moja, ajisukume mpaka viganja viachane na sakafu. Ndivyo. Ukweli kwamba walitembea kwa minne unathibitishwa na nyayo zao zilizogeuka mawe, kwa mfano kule Crayssac, Ufaransa: mkono wa vidole vitatu, mguu nyuma yake, na kidole cha bawa kimekunjwa juu kisiburute.

Kwa mfano wa shule usimtengeneze Quetzalcoatlus, mlango wa darasa hautampitisha. Chagua Pteranodon wa mita 6, umpunguze mara kumi awe sentimita 60. Ana kishungi kirefu kisogoni ambacho kila mtu anakitambua, na hana meno ya kuchonga.

Kama mtoto anataka mwenye mkia, basi ni Rhamphorhynchus, mdogo, mwenye meno yaliyochomoza mbele na mkia mrefu wenye kibendera nchani. Kwa ujumla wa mwanzoni walikuwa na mikia mirefu na shingo fupi, wa baadaye mikia mifupi na vichwa vikubwa. Na kama mnapenda mambo ya Nakuru na Elementaita, yupo Pterodaustro wa Argentina, mwenye meno membamba kama nywele za brashi yapatayo elfu moja kwenye taya la chini. Alichuja vijidudu majini kama flamingo anavyofanya leo. Nilimtaka huyo. Nilipoanza kukata nywele za ufagio nikakata tamaa nikiwa kwenye mia moja.

Hatua ya 5: Nenda ukawatazame marabu

Hii haichukui hata saa. Kwenye miti ya migunga karibu na mzunguko wa Uwanja wa Nyayo wanakaa kongoti, ambao wengi jijini tunawaita marabu: vipara, mfuko shingoni, sura ya mtu anayekudai. Simama upande wa pili wa barabara, maana ukisimama chini ya mti utajua kwa nini hakuna anayeegesha gari hapo.

Tazama anavyotembea kwenye nyasi akiinamisha mdomo mrefu, akiokota chochote kinachoingia kinywani. Watafiti Mark Witton na Darren Naish waliandika 2008 kwamba Quetzalcoatlus na jamaa zake huenda waliishi hivyo: si wavuvi wa kunyakua samaki wakiwa angani, bali wawindaji wa nchi kavu, wakitembea polepole na kudonoa wanyama wadogo, na wadogo hao wangeweza kuwa hata watoto wa dinosaria. Marabu mabawa yake hukaribia mita 3. Mzidishe mara tatu na zaidi, umwongezee shingo, kisha umwambie mtoto afumbe macho.

Halafu mwambie amwone marabu akiruka: anakimbia, anaruka kwa miguu, mikono imekuwa mabawa tu na haigusi ardhi kamwe. Hapo tofauti inaonekana barabarani, bure.

Miguu nayo itazameni. Mwewe wa City Park hukupokonya mandazi kwa kucha za miguuni, maana mguu wake umeumbwa kwa kushika. Terosauri mguu wake ulikuwa wa kukanyagia. Zile picha za Pteranodon akimbeba mtu kwa miguu na kupaa naye ni hadithi.

Mkiwa na muda pandeni hadi Museum Hill. Katika Makumbusho ya Taifa kuna ukumbi wa ndege wenye mamia ya ndege wa Afrika Mashariki waliohifadhiwa, na humo mtoto anaweza kulinganisha mabawa kwa karibu kuliko mtini. Pembeni kuna bustani ya nyoka, ambako mamba atawakumbusha yule jamaa wa mbali wa Hatua ya 1. Terosauri mzima msimtegemee. Sifa ya makumbusho yetu ni visukuku vya binadamu.

Hatua ya 6: Kata na uunganishe

Bawa moja ni sentimita 30. Kata waya vipande vinne: 3 kwa mkono wa juu, 4 kwa mkono wa chini, 6 kwa kiganja (Pteranodon alikuwa na kiganja kirefu), na 17 kwa kidole. Unganisha kwa uzi, si gundi, ili viungo vikunjike. Rudia upande wa pili.

Finyanga kiwiliwili kwa magazeti na gundi ya unga. Kiwe kidogo: sentimita 6 au 7. Utatamani kukikuza, usikikuze. Kosa la karibu kila mfano wa shule ni mwili wa bata chini ya mabawa ya terosauri. Kichwa pamoja na mdomo na kishungi kizidi kiwiliwili kwa mbali, na ukikiona kinachekesha ujue umepatia. Kikate kwenye manila iliyokunjwa mara mbili.

Acha usiku kucha vikauke, mahali ambapo panya hawatafika, kwani gundi ya unga ni chakula.

Nguo ya mwavuli ikate pembetatu ndefu mbili. Hapa toa waya zote zilizoshonewa ndani, nasisitiza mimi niliyeumbuka. Waya pekee ni ile ya mbele. Shona nguo kuanzia ncha ya kidole, kando ya mkono, ubavuni, hadi kwenye mguu wa nyuma. Chora kwa kalamu mistari myembamba sambamba kuelekea ukingo wa nyuma, ndizo zile nyuzi. Ambatisha kijiti cha meno kilichokatwa kwenye kifundo cha mkono kikielekea shingoni, ukishonee kipande kidogo cha nguo. Vidole vitatu vidogo vitengeneze kwa waya, vitazame mbele. Malaika wa mwilini: chana pamba ukaitie majivu kidogo. Manyoya ya kuku yabaki jaani.

Rangi chagua mtakayo. Sisi tulimpa kishungi chekundu kwa sababu kopo la rangi nyekundu ndilo lililokuwepo.

Hatua ya 7: Andika maelezo kwa kilomita

Miaka milioni haina maana kwa mtoto, hata kwa mjomba. Tumieni barabara ya Mombasa. Anzieni Kencom, katikati ya jiji, na kila kilomita iwe miaka milioni moja kurudi nyuma.

Yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ambaye mifupa yake ina takribani miaka milioni 1.5, mtamkuta kabla hata ya kufika Nyayo. Terosauri wa mwisho yuko kilomita 66, mkishapita njia panda ya Machakos. Hapo ndipo kimondo kilipopiga Chicxulub, Mexico, na terosauri wote wakakatika pamoja na dinosaria wote wasio ndege. Archaeopteryx, yule ndege wa kale kutoka Ujerumani aliyejulikana 1861, yuko kilomita 150, mbele ya Emali. Terosauri wa kwanza tunaowajua wako zaidi ya kilomita 210, mkishaiacha Kibwezi. Dinosaria wa kwanza wako kama kilomita 230, mkikaribia Mtito Andei ambako mabasi husimama watu wale. Kwa hiyo terosauri alikuwa angani miaka milioni 60 kabla ya Archaeopteryx. Yeye ndiye mnyama wa kwanza mwenye uti wa mgongo kuruka kwa kupiga mabawa.

Chora barabara hiyo kwenye manila. Mpwa wangu alichora na mizani ya Mlolongo, nikaiacha.

Hatua ya 8: Maswali atakayoulizwa

"Waligunduliwaje?" Mwaka 1784 Cosimo Collini alieleza kisukuku kutoka Bavaria bila kujua ni cha nini, akadhani huenda ni mnyama wa baharini. Mwaka 1801 Mfaransa Georges Cuvier, akitazama mchoro tu, akatambua kwamba ni reptilia aliyeruka, na kwamba kile kidole kirefu kilibeba bawa.

"Walitaga?" Ndiyo, mayai yenye ganda laini. Kule China yamepatikana zaidi ya 200 ya Hamipterus mahali pamoja.

"Je, huku kwetu walikuwepo?" Swali hili lipe nafasi, maana vitabu vingi hulipita. Walikuwepo. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, makumbusho ya Berlin yalichimba kuanzia 1909 hadi 1913. Waliochimba ni watu wa huko, mnyapara wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Dinosaria mkubwa aliyesimamishwa Berlin, Giraffatitan, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alitoka huko. Katika mzigo huohuo mlikuwa na vipande vidogo vya terosauri, na 1999 kipande cha taya kikapewa jina Tendaguripterus. Boheti naye amepata dinosaria wake, Australodocus bohetii, ingawa ilibidi asubiri hadi 2007, akiwa kaburini.

Nairobi ina mkono wake humo. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, kabla hajajulikana kwa visukuku vya binadamu alikwenda Tendaguru mwaka 1924 akiwa kijana wa miaka 20, na msafara wa Waingereza.

Na Kenya yenyewe? Mwaka 2011 Patrick O'Connor, Joseph Sertich na Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa walieleza pingili moja ya uti wa mgongo wa terosauri kutoka mawe ya Lapurr, Turkana Magharibi. Pingili moja, ya chini ya shingo. Mpwa wangu alihuzunika kidogo, alitaka mnyama mzima. Kisha akachora nukta nyekundu kwenye shingo ya mfano wetu, pale hasa pingili ilipokaa, na akaandika pembeni "hii ni ya Kenya". Mwalimu alianzia kwenye nukta hiyo kabla ya kutazama mabawa.

Hatua ya 9: Kumfikisha shuleni

Usimbebe ametandaza mabawa, matatu ya asubuhi haina huruma. Kunja kidole kirefu kurudi nyuma kuelekea kiwiko, kama mwenyewe alivyokikunja alipotembea, umfunge kwa raba. Usimfunge kwa selotepu, itang'oa malaika. Kondakta wetu aliuliza kama hiyo ndege inalipiwa kiti, na mpwa wangu akaanza kumweleza habari za nyonga kuanzia Bellevue hadi mjini.

Mvua ikiwa imetanda, mfunike kwa ile nailoni ya kufunikia vitabu, kwani gundi ya unga ikilowa mnyama hurudi kuwa gazeti. Na ubebe mwavuli mwingine, ule mzima.